Ukisikia "ii", andika E: kufundisha majina ya herufi za Kiingereza kwa anayeanza

Mtajie mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili herufi "ii", umwambie aiandike. Ataandika I. Mtajie "ei", ataandika E, au atasita kati ya A na E. Mtajie "aa", ambalo ndilo jina la R kwa matamshi ya Uingereza, naye ataandika A bila wasiwasi wowote. Masikio yake hayana tatizo. Kilichomwangusha ni alfabeti aliyonayo kichwani tayari, yenye herufi hizohizo kwa majina mengine. Ndiyo maana nashikilia kwamba somo la herufi za Kiingereza kwa wasemaji wa Kiswahili lisianzie A kwenda hadi Z. Lianzie pale alfabeti mbili zinapogongana, yaani A, E, I na R, kisha herufi zilizobaki zifuate kwa koo, yaani makundi ya herufi ambazo majina yake yana irabu moja.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana: jina la herufi na sauti ya herufi. Katika Kiswahili, irabu ukiitaja umeshaitamka; "a" ni jina na ni sauti. Katika Kiingereza jina la B ni "bii", lakini ndani ya neno "bag" hakuna "bii" hata kidogo. Jina la W, "dabolyuu", halina sauti ya w ndani yake. Jina la Y, "wai", linaanza kwa sauti ya w. Jina la H, "eich", halina h. Majina yanatumika kutaja tahajia: jina la mtu, anwani ya barua pepe, vifupisho kama USB au ATM. Sauti ndizo zinazotumika kusoma. Mwanafunzi aliyepewa majina peke yake akaambiwa asome "bag" atasema "bii-ei-jii", na hapo hakuna neno. Vyote viwili vifundishwe, ila si katika dakika zilezile. Makala hii ni ya majina tu.

Kwa nini irabu ndizo zinazosumbua zaidi kuliko konsonanti? Maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi yana irabu zenye thamani ileile ya Kilatini, huku konsonanti nyingi, kama j, y, w, ch na sh, zikisomwa kwa namna iliyo karibu na Kiingereza. Kwa hiyo konsonanti tunakutana njiani, irabu tunapishana. Kiingereza nacho zamani kilikuwa na irabu za namna hiyo. Kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama mdomoni: "aa" ikapanda hadi kuishia "ei", "ee" ikapanda ikawa "ii", na "ii", iliyokuwa juu kabisa na haina pa kupandia, ikavunjika ikawa "ai". Tahajia haikuhama nazo. Mwanafunzi mtu mzima mweleze hivyo, kwa dakika mbili tu. Anapoona kwamba A, E na I zimepanda ngazi moja kwa mpango mmoja, huacha kuyaona majina haya kama ukorofi wa lugha. Mtoto hahitaji historia hiyo. Yeye mpe kadi.

Kabla ya kufundisha chochote, toa imla ya herufi 12. Mpangilio unaonifaa ni huu: E, R, G, A, Y, J, I, C, H, M, K, W. Taja kila herufi mara mbili, acha sekunde 4 hivi, nenda inayofuata. Ziba mdomo kwa karatasi unapotaja, maana wengi husoma midomo bila kujijua. Zoezi zima halizidi dakika 3, na makosa yake yanasema mengi. Aliyeandika I badala ya E, E badala ya A, na A badala ya R anavutwa na alfabeti ya Kiswahili. Aliyeandika J badala ya G, S badala ya C na W badala ya Y anafanya jambo jingine: anaandika sauti ya kwanza anayoisikia katika jina. Aliyeandika N badala ya M hasikii mwisho wa jina. Hayo ni maradhi matatu na kila moja lina dawa yake. Ukiyatibu yote kwa kurudiarudia alfabeti nzima, utachoka wewe na yeye.

Somo la kwanza: A, E, I, kisha R

Weka mezani kadi tatu tu. Andika herufi kubwa upande mmoja, ndogo upande wa pili, wala usiandike matamshi yake chini. Taja, yeye aguse. Fanya hivyo mara 20 bila mpangilio. Kisha yeye ataje, wewe uguse, mara 20. Mwishowe taja, yeye aandike, mara 20. Asipopata angalau 18 kati ya 20 katika kuandika, usiongeze herufi ya nne. Ukiongeza mapema, kosa la E na I litamfuata miezi yote ijayo, na litamfuata hasa siku anapotaja jina lake kwenye simu.

Orodha ya kutaja iandike kabla ya somo. Mtu akitaja kwa kubuni papo hapo hurudia mtindo bila kujua, kwa kawaida A-E-I, A-E-I, na mwanafunzi hushika mtindo badala ya kushika jina. Orodha yenye kurudia herufi moja mara mbili mfululizo, mfano E, I, E, A, A, I, E, E, A, I, ni nzuri kuliko ile inayobadilika kila mara, kwa sababu anayebahatisha hategemei herufi kujirudia.

Sasa matamshi yenyewe. Katika Kiswahili, irabu mbili zilizofuatana ni silabi mbili: "bei" ni be-i, "chai" ni cha-i. Jina la A, "ei", ni pigo moja. Sauti inaanza na "e" yenye nguvu, inateleza kuelekea "i" na kuishia kabla haijafika vizuri. Mwambie apige kofi: "bei" ya Kiswahili makofi mawili, A ya Kiingereza kofi moja. Vivyo hivyo "ai" ya herufi I. Wanaotamka mapigo mawili husikika kama wametaja herufi mbili, na msikilizaji anaandika mbili.

Kosa la upande wa pili ni kufupisha. A inakuwa "e" tupu, K inakuwa "ke", O inakuwa "o" ya Kiswahili. Dawa yake ni kioo kidogo au kamera ya simu. Katika A, taya linapanda kidogo kuelekea mwisho. Katika O, midomo inajibana na kuwa duara dogo. Mdomo usiposogea, jina halijakamilika. Hili analiona mwenyewe bila wewe kumsahihisha kila saa, na masahihisho ya macho hukaa kuliko ya maneno. Kwa E tatizo ni urefu tu: "ii" iwe ndefu, midomo imetandazwa kama ya mtu anayetabasamu.

R ina majina mawili ya kusikika. Uingereza wengi husema "aa", ndefu, bila r yoyote mwishoni. Marekani husema "ar", ulimi umekunjwa nyuma bila kugonga popote. Katika kutamka, mwanzishie "ar", kwa sababu hiyo r ya mwisho inamtenga na A ya Kiswahili, na hata akiitetemesha bado ataeleweka. Hakuna herufi nyingine inayofanana nayo. Katika kusikiliza, mzoeshe zote mbili. Kanuni moja inatosha kwa wiki nzima ya kwanza: ukisikia "aa" tupu katika Kiingereza, hiyo ni R, kwa kuwa hakuna herufi nyingine ya Kiingereza yenye jina hilo.

Koo saba

Majina yote 26 yanagawanyika kwa irabu inayosikika ndani yake. Ukoo wa "ei" una A, H, J, K. Ukoo wa "ii" una B, C, D, E, G, P, T, V. Ukoo wa "e" fupi una F, L, M, N, S, X, Z. Ukoo wa "ai" una I na Y. Ukoo wa "uu" una Q, U, W. O iko peke yake, na R iko peke yake. Kwa Wamarekani Z inahamia ukoo wa "ii", kwa jina "zii".

Chora safu saba ubaoni, uwape wanafunzi kadi 26, na kila herufi unayoitaja waiweke kwenye safu yake. Zoezi hili lina faida ambayo wimbo wa alfabeti hauna: linalazimisha sikio kuchambua jina, maana huwezi kuiweka H karibu na K kabla hujagundua kwamba zote zina "ei".

Ukoo wa "ii" ndio mkubwa na ndio wenye hatari. Herufi nane, na tofauti yote iko mwanzoni mwa jina, katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Fundisha kwa jozi, jozi tatu kwa kikao.

P na B: chukua ukanda wa karatasi wenye upana wa sentimita 2 na urefu wa 15, ushikwe sentimita 5 mbele ya midomo. Kwa "pii" ukanda uruke. Kwa "bii" utulie. Msemaji wa Kiingereza husikiliza mpumuo huo kuamua kama umesema P, na P isiyo na mpumuo humfikia kama B. Wale wanaotofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa mpumuo wanao ujuzi huu tayari. Waambie tu waichukue p ya paa wa porini. T na D hupimwa kwa ukanda uleule.

B na V: katika B midomo inafunga kabisa, katika V meno ya juu yanagusa mdomo wa chini. Zote tunazo katika Kiswahili, hivyo kosa hapa ni la kusikia zaidi ya kutamka. Zoezi lake ni imla ya B, V, B, B, V, ukiwa umempa mgongo.

C ni ya kushughulikiwa kwa upole, kwa sababu katika Kiswahili haisimami bila h. Jina lake "sii" linamvuta mwanafunzi kwenye S. Ziweke pamoja: C ni "sii", s iko mbele; S ni "es", s iko nyuma. Sauti ileile, mahali tofauti. Mwambie aangalie ulimi unakomea wapi mwisho wa jina: mwisho wa C mdomo uko kwenye "ii", mwisho wa S hewa bado inafoka kati ya meno.

G na J ndiyo jozi inayotesa kuliko zote, nami huipa muda mara mbili ya nyingine. G ni "jii", J ni "jei". Konsonanti ya mwanzo ni ileile kabisa, ile ya neno "jua". Tofauti yote iko kwenye irabu, nayo ni irabu ileile iliyomchanganya kwenye E na A. Kwa hiyo usifundishe G na J kabla E na A hazijakaa. Zikishakaa, mpe kamba ya kushikia: J na K ni majirani katika alfabeti na zinapatana mwisho, "jei, kei". G inapatana na E, "ii, jii". Akisita, aseme "jei, kei" kimoyomoyo kisha aandike.

Ukoo wa "e" na tatizo la kufunga mdomo

Majina ya F, L, M, N, S na X yanaanza na irabu na kuishia kwa konsonanti; la Z linaishia kwa konsonanti lakini halianzi na irabu. Mpango huu ni wa Warumi: konsonanti za kupasua hewa, kama b, d, p na t, zilitajwa kwa kufuatiwa na irabu, zile zinazoweza kuvutwa, kama f, l, m, n, r na s, zilitanguliwa na irabu. R nayo ilikuwa "er" kabla haijafika ilipo leo. Z ni mgeni, jina lake linatoka kwenye zeta ya Wagiriki.

Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu. Kwa hiyo ulimi wetu unaongeza irabu pale Kiingereza kinapoikata: "efu", "eli", "emu", "eni", "esi", "eksi", "zedi", na kwa H "eichi". Wapo wanaosema hilo ni lafudhi tu na liachwe. Nakataa, kwa sababu linaleta makosa ya tahajia. Irabu "i" inayoongezwa mwishoni ndiyo jina la E. Mtu akitaja jina Salim kwa "esi, ei, eli, ai, emu", msikilizaji makini ana haki ya kuandika S-E-A-L-E-I-M. Lafudhi iachwe, herufi isiyokuwepo isiongezwe.

Dawa haiko katika kumwambia "usiongeze i". Mwambie mdomo ukae wapi. Kwa M, midomo ifungwe na ibaki imefungwa huku akihesabu moja, mbili, tatu moyoni. Kisha aifungue bila sauti. Kwa N, ncha ya ulimi ibaki imeshikilia ufizi wa juu kwa hesabu hiyohiyo. Kwa L vilevile, ulimi usishuke. Kwa F, meno yabaki juu ya mdomo wa chini mpaka pumzi iishe. Kwa S, hewa itoke mpaka ikome yenyewe. Irabu ya ziada inazaliwa pale mtu anapofungua mdomo wakati sauti bado inatoka, na hiyo hesabu ya tatu inaiua kwenye chanzo. Baada ya siku nne au tano hesabu haihitajiki tena.

X ni "ek" na "s" bila nafasi katikati. Wengi hutia irabu ndani pia, "ekisi", hivyo irabu mbili za ziada katika herufi moja. Anza na "ek" peke yake, umzuie hapo ulimi ukiwa nyuma, kisha "s" peke yake, kisha ziunganishe. H ni hivyohivyo: "ei", kisha "ch" ya kunong'ona, kama mwanzo wa neno "chako" lililokatwa kabla ya a. Atasikia wengine, hasa Waairishi, wakisema "heich". Asishangae, lakini yeye aanze na "eich".

M na N zinatofautishwa kwa macho kuliko kwa masikio. Katika M midomo inafunga, katika N iko wazi. Mwanafunzi anayezichanganya mwonyeshe kwanza mdomo wako, halafu uzibe.

Zilizobaki zinapita haraka. Q na X hazina mpinzani katika alfabeti ya Kiswahili, kwa hiyo hakuna jina la zamani la kuliondoa, na mara nyingi hushikwa upesi. Q ni "kyuu"; tamka mwanzo wa neno "vyura", kisha weka k mahali pa v. U ni "yuu", na ikumbukwe kwamba y iko pale, maana anayesema "uu" atadhaniwa hajamaliza. W ndiyo herufi pekee yenye silabi zaidi ya moja: da-bol-yuu, maana yake U mbili, na mkazo uko kwenye "da". Sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo tunasema "da-BOL-yuu". Rudisha nguvu mwanzoni na zilizobaki zipite upesi. Y ni "wai". Ikishikwa pamoja na I, "ai, wai", haisumbui tena.

Kuhusu Z, chagua jina moja la kutamka, "zed" au "zii", na ulishikilie darasa zima. Katika kusikiliza wayajue yote mawili. Anayetumia "zii" aitofautishe na C kwa kuweka vidole shingoni: kwa Z shingo inatetema tangu mwanzo, kwa C inaanza kutetema inapofika irabu.

Wimbo, na matamshi yaliyoandikwa ubaoni

Wimbo wa alfabeti unafundisha mpangilio, haufundishi majina. Kinachoharibika kinajulikana: L, M, N, O, P zinaimbwa mbio kwenye mapigo mafupi na kuwa neno moja, "elemenopii", na mtoto anaamini ni kitu kimoja. Tena vina vya wimbo huo vimetengenezwa kwa "zii", kwa hiyo darasa linalofundishwa "zed" huimba jina jingine. Kipimo chake ni rahisi. Muulize herufi inayofuata baada ya Q. Akianza kuimba toka A, amekariri wimbo. Mimi huuweka mwishoni, majina yakishakaa, na huukata vipande vinne vya kusemwa bila kuimba: A hadi G, H hadi N, O hadi U, V hadi Z. Vitatu vya kwanza vina herufi saba kila kimoja, cha mwisho tano. Mpangilio unahitajika kwa ajili ya kamusi na orodha za majina, na vipande hivi vinamwezesha kuanzia katikati.

Jambo jingine la kuangalia ni matamshi yaliyoandikwa kwa tahajia ya Kiswahili. Katika makala hii sina budi kuyatumia, lakini daftarini mwa mwanafunzi yana madhara. Akiandika "bii" chini ya B, jicho lake litasoma yale maandishi madogo na kuiacha herufi. Mbaya zaidi, E itakuwa na "ii" chini yake, na hapo umempa I mbili za kutazama anapojifunza E. Kama lazima uandike, andika mara moja, soma naye, futa.

Mazoezi yanayojisahihisha yenyewe

Zoezi bora nilijualo ni kutaja maneno ya Kiswahili kwa majina ya Kiingereza. Mwanafunzi tayari anajua tahajia yake, kwa hiyo akili yake yote inabaki kwenye majina. Neno "gari" lina karibu mitego yote: jii, ei, ar, ai. Anayelitaja "gari" bila kusita amevuka kizingiti. Endelea na "jiwe": jei, ai, dabolyuu, ii. "Yeye": wai, ii, wai, ii. "Chai": sii, eich, ei, ai. "Hewa": eich, ii, dabolyuu, ei.

Kisha geuza: wewe taja, yeye aandike. Ukitaja "jii, ei, ar, ai" naye akaandika JERAI, anaona mwenyewe kwamba hilo si neno, na anarudi kutafuta alipopotea. Hapo neno lenyewe ndilo mwalimu. Ila kwa upimaji usitumie maneno, kwa sababu akishapata herufi mbili atakisia zilizobaki. Pima kwa mafungu yasiyo na maana ya herufi sita sita: E-J-R-I-G-A, Y-C-W-S-H-K. Mafungu matano yanatosha, jumla herufi 30, na 27 sahihi ni alama ya kuvukia.

Wakae wawili wawili wamepeana migongo, mmoja ataje, mwingine aandike. Migongo ni muhimu. Wakiangaliana, midomo na ishara za mikono zinafanya kazi ya majina. Kila kikao kisizidi dakika 20, na kianze kwa imla ya herufi 10 za kikao kilichopita. Vikao sita hivi vinamtosha mtu mzima anayesoma Kiswahili vizuri. Mtoto anayeanza kusoma ahesabiwe mara tatu ya hapo, na asipewe herufi zaidi ya tatu mpya kwa siku.

Majina yakishakaa, ongeza maneno machache yanayoambatana nayo katika matumizi ya kweli. Herufi iliyojirudia husemwa kwa "double" kabla yake: Hassan ni "eich, ei, double es, ei, en". Herufi kubwa hutanguliwa na "capital". Hili lina uzito katika manenosiri, ambapo I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 zinafanana kwenye skrini nyingi. Katika anwani ya barua pepe, nukta husemwa "dot" na alama ya @ husemwa "at". Katika namba za simu, sifuri mara nyingi husomwa "ou", sawasawa na jina la herufi O, kwa hiyo aelewe kwa muktadha. Namba 8, "eit", iko karibu mno na A na H. Katika namba zilizochanganyika na herufi, ziweke hizo tatu katika imla moja.

Kwa waliofika kwenye sarufi, majina haya yanaamua pia kati ya "a" na "an" mbele ya vifupisho. Kinachoangaliwa ni sauti inayoanza jina la herufi. Herufi 12 zinachukua "an": A, E, F, H, I, L, M, N, O, R, S, X. Ndiyo maana ni "an SMS" na "an X-ray", ingawa S na X ni konsonanti, na ni "a USB", ingawa U ni irabu, kwa kuwa jina lake linaanza na y.

Kwenye simu hata wenye lugha yao hawategemei majina peke yake. Simu za kawaida zilijengwa kupitisha mawimbi ya sauti ya hertz 300 hadi 3,400, na sehemu kubwa ya mfoko wa hewa unaotofautisha F na S uko juu ya hapo. "Ef" na "es" zinafika sikioni zikiwa karibu kitu kimoja, na ukoo mzima wa "ii" unaparaganyika. Marubani na wasemaji wa redio wanatumia maneno badala ya majina, Alfa, Bravo, Charlie, Delta na kuendelea hadi Zulu, orodha inayotumika katika usafiri wa anga wa kimataifa tangu mwaka 1956. Mwanafunzi hana haja ya kuikariri yote. Ajifunze njia ya kusema herufi kisha neno linaloanza nayo, "M for Mary, N for November", na aandae mapema maneno ya herufi zilizomo katika jina lake mwenyewe, ayaandike kwenye karatasi, aiweke karibu na simu.